Kamba Iliyopita Ukutani

Habari hii nilipewa na Nyamusi mwenyewe, Agosti mwaka jana, tukiwa kwenye benchi la kliniki ya viungo huko Homa Bay, siku ambayo daktari alichelewa mpaka saa sita. Mimi nilikuwa nimetoka Karungu alfajiri na magoti yangu, yeye alikuwa ametoka upande wa Ogwedhi na mikono yake. Mimi ni Mjaluo, yeye ni Mkisii, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, kile chetu cha sokoni. Na kwa sababu hatukujuana, aliniambia kila kitu. Mtu humwambia mgeni wa benchini yale asiyoweza kumwambia dada yake. Nilipomuuliza kama naweza kuyaandika, akasema, "Andika. Lakini andika kwamba kijana hakuwa na makosa."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukishika.

Nyamusi ana miaka sitini na minne. Mume wake, Ombati, alishuka kutoka milima ya Kisii wakati mashamba ya huku chini yalikuwa bado yanapatikana, akajenga karibu na Ogwedhi nyumba ya udongo yenye mabati. Ni vyumba viwili: cha mbele cha kukaa, na cha ndani cha kulala. Kati yake hakuna mlango, ni pazia. Ombati alikufa miaka tisa iliyopita. Mabinti wameolewa mbali. Aliyebaki nyumbani ni kitinda mimba, Mosoti, anayenunua mbuzi vijijini na kuwauza soko la mifugo pale Ogwedhi. Nyumba ya Mosoti iko hatua thelathini kutoka kwa mama yake, na amemwoa Terry, msichana wa kwetu, wa Sindo.

Ugonjwa ulianza vidoleni. Nyamusi alifikiri ni umande wa kupalilia asubuhi. Akafunga majani, akapaka mafuta ya kondoo, mzee mmoja akamchanja kwa wembe. Vidole vikazidi kuvimba, magoti yakafuata, mabega yakafuata. Ni Terry aliyempeleka Homa Bay, kwa sababu ana binamu yake muuguzi huko. Daktari akawaambia si baridi, si uzee, wala si jicho la mtu. Ni mwili wenyewe unapigana na viungo vyake.

"Kama ndugu wa tumbo moja," Nyamusi akasema.

"Hivyo hivyo," daktari akasema.

Akapewa tembe za kumeza mara moja kwa wiki, akachagua siku ya Ijumaa jioni ili Sabato imkute ameshameza. Akaambiwa atie mikono kwenye maji ya vuguvugu, avikunje na kuvikunjua vidole, asikae akingoja maumivu yaishe, maana hayaishi, yanapungua. Akajifunza. Mwiko wake aliuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli ukawa mnene, ukashikika. Kikombe alikishika kwa viganja viwili kama mtoto. Mlango wa kuku aliufunga kwa kitanzi cha kitambaa ili aufungue kwa kiwiko. Mchana alikuwa mtu. Shida ilikuwa asubuhi. Wewe mwenye ugonjwa huu unajua. Unaamka na viungo vimekaza kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua, na mpaka saa nne hivi huna mwili, una magogo tu.

Kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili Terry aliingia na beseni, akamkalisha, akamkanda, akamsimamisha.

"Mama, leo tunaenda disko ama kanisa?"

"Nipeleke choo kwanza. Disko baadaye."

Wakawa wakicheka hivyo, mmoja hajui Kikisii, mwingine hajui Kijaluo.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze, la sivyo mtasema hawa watu walikuwa wajinga. Kwa Wakisii, kijana akishatahiriwa hapiti tena pazia la chumba cha mama yake. Akija anakaa chumba cha mbele, anakula, anaongea, basi. Hakuna askari anayemkataza. Ni haya, aliyofundishwa mpaka ikaingia mifupani. Na sisi Wajaluo tusicheke. Mimi nina mkwe mzuri Rongo, mume wa binti yangu, nyumba yake ina umeme na choo cha ndani, lakini sijawahi kulala kwake hata usiku mmoja, na magoti haya yangependa sana. Kila watu wana mlango wao wasioupita.

Mwisho wa Machi mama yake Terry alifariki Sindo. Terry akaenda. Na mnajua matanga ya kwetu hayana haraka. Kuna kuzika, kuna kunyoa, kuna kungoja wale wa mbali. Terry alikuwa binti wa pekee. Wiki moja ikawa tatu, ikawa sita.

Kabla ya kuondoka alimwomba jirani, Bosibori, awe akiingia asubuhi. Bosibori ni mtu mwema lakini ana watoto wanne wa shule na ng'ombe wa kukama. Siku ya kwanza alikuja saa moja. Siku ya pili saa mbili. Siku ya nne alikuja saa tatu na nusu, akamkuta Nyamusi amelowa kitandani, ameelekeza uso ukutani. Bosibori akafua kila kitu, akamgeuzia godoro. Akiondoka, Nyamusi akamwambia, "Kesho usije. Naona nimepata nafuu."

"Nafuu gani hiyo, Omong'ina?" Ndivyo Wakisii wanavyomwita mama mzee.

"Nafuu yangu. Usije."

Basi asubuhi iliyofuata Mosoti akaja akasimama nje, upande wa chumba cha mama yake, kwenye ukuta.

"Mama, umeamka?"

"Nimeamka."

"Umeamka kwa mdomo ama kwa miguu?"

Mosoti akasimama hapo mpaka jua likapanda, akisikia kitanda kinalia na mama yake anahema, kisha kimya, kisha kitanda tena.

Siku hiyo jioni akamwambia, wakiwa chumba cha mbele, "Tutoe kitanda, Mama. Kikae hapa mbele. Hapa naingia. Nitakuinua mwenyewe mpaka Terry arudi."

Nyamusi akaweka kikombe chini. Kitanda hicho alikitengeneza Ombati. Juu yake alizaa watoto watano. "Kitanda changu kitatoka humo ndani siku nitakayokuwa nimefunikwa uso," akasema. "Kabla ya hapo mimi ndiye natoka, kwa miguu yangu, naja kukukuta hapa. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Ukiniondolea hiyo nitakuwa mama wa nini?"

Mosoti hakubishana. Lakini mtu wa mbuzi ana akili ya kamba. Kesho yake alitoboa ukuta kwa mtaimbo, tundu dogo juu kidogo ya kitanda, upande wa miguuni, akapitisha kamba ya makonge, ile nene ya kufungia beberu. Mwisho wa ndani Bosibori aliuzungushia kitambaa cha kanga, akatengeneza kitanzi. Nyamusi alikuwa aingize mkono wa kulia kwenye kitanzi, ajishike kwa kiwiko, aseme "Vuta." Mosoti avute kutoka nje, polepole, mpaka mama akae. Akitosheka aseme "Wacha."

Na ilifanya kazi. Nyamusi akiniambia hapa alicheka mpaka mwanamke wa mbele yetu akageuka. Asubuhi ya kwanza alikaa saa kumi na mbili na robo, mwenyewe, akashusha miguu, akangoja, akasimama akishika ukuta, akatoka. Mosoti alikuwa amezunguka mbio, yuko chumba cha mbele, amekaa kwenye kigoda kama mgeni.

"Habari ya asubuhi, Mama."

"Nzuri, baba. Umelalaje?"

Kama vile hawakuwa wametoka kuvutana sasa hivi.

Siku moja alikuja Gisiri, Mkuria mmoja anayenunua mbuzi kwake, akamkuta Mosoti ameweka mguu kwenye ukuta wa nyumba anavuta kamba.

"Mosoti, hiyo ng'ombe umefungia ndani ni ya nani?"

"Ni mama."

Kutoka ndani Nyamusi akaitika, "Mwambie huyo mgeni maziwa yaliisha zamani."

Baada ya kukaa huwa kuna nusu saa ya kungoja miguu ikubali, na nusu saa hiyo wakawa wanaongea, yeye kitandani, mtoto nje, udongo katikati. Mosoti alimwambia anaogopa Terry akizoea tena ziwa hatarudi. Alimwambia jinsi alivyomlilia baba yake machungani, mbuzi peke yao wakimwona. Mama naye akamwambia kwamba Ombati aliogopa radi, alikuwa akijifunika blanketi kichwani kama msichana. "Mtoto wa kiume ukishamtahiri unampoteza kidogo," Nyamusi aliniambia. "Anakuja, anakula, anaenda. Nilimpata tena kwa tundu la ukuta. Siku kumi na moja."

Lakini tembe zilikuwa zimekwisha. Tarehe ya Homa Bay ilipita Terry akiwa Sindo. Nyamusi hakumwambia Mosoti, kwa sababu Mosoti angeacha mbuzi ampeleke, naye hakutaka kijana aingie naye kwa daktari asikie maswali ya wanawake. Akasema atangoja Terry. Ijumaa ya kwanza ikapita bila dawa, na ya pili. Mvua za Aprili zikakaza. Kifundo cha mkono wa kulia kikavimba kikawa kama kiazi, cha moto kukigusa.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa ya soko. Aliamka usiku haujaisha, akijua mkono huo hauko sawa. Angeweza kusema, "Leo acha, nitalala." Hakusema. Aliingiza mkono kwenye kitanzi kwa kusaidiwa na meno.

"Mama, tayari?"

"Vuta."

Kamba ikakaza. Maumivu yaliyokuja, aliniambia, hayakuwa yale anayoyajua. Yale anayoyajua yana majina yake, ameishi nayo miaka sita. Haya yalikuwa mageni. Akauma blanketi ili asipige kelele, maana akipiga kelele mtoto ataacha kamba na kuja, na nguo yake ya kulalia ilikuwa imepanda. Akaona avumilie, atakaa, itakuwa imekwisha. Lakini mwili haukukaa. Na Mosoti, asiposikia "Wacha," alijua mama bado hajainuka. Akaweka mguu ukutani kama kawaida akavuta tena, kwa nguvu zaidi kidogo, polepole, kwa upendo.

Kitu kikakatika ndani ya mkono. Alisikia kama kijiti kibichi. Kisha alikuwa sakafuni, kamba bado mkononi, na blanketi limetoka mdomoni.

"Wacha," akasema.

"Umekaa, Mama?"

"Nimekaa."

"Sauti yako iko chini leo."

"Ni asubuhi. Nenda sokoni, utachelewa."

"Nisikungoje utoke?"

"Nitatoka polepole. Nenda, baba."

Akasikia mbuzi wanatolewa, akasikia Mosoti akiwapigia mluzi wakishuka njia. Alikuwa na furaha asubuhi hiyo, kwa mluzi wake. Hilo ndilo Nyamusi halisahau.

Alilala sakafuni tangu saa kumi na mbili na nusu. Mkono wa kushoto nao vidole vilikuwa vimekaza, haukuweza kufungua kitanzi wala kushusha nguo. Kuku walianza kulia ndani ya kibanda, kwanza jogoo, kisha wote. Jua likapita kwenye tundu la ukuta, likatembea juu ya kamba, likaenda. Mchana Bosibori alipita njiani akaita, "Omong'ina, uko?" naye akajibu, "Niko," kwa sauti ya mtu aliyekaa. Bosibori akaenda zake kisimani.

Nilimuuliza, "Mbona hukumwita aingie? Ni mwanamke."

Akasema, "Alinikuta mara moja nimelowa. Mara ya pili nilikuwa bado sijajiandaa."

Mosoti alirudi kama saa nane, soko lilikuwa zuri. Jambo la kwanza aliloona ni kibanda cha kuku kimefungwa. Akaja ukutani.

"Mama."

"Niko."

"Kuku hawajafunguliwa."

Akazunguka. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ndani kwa komeo la mti; akaliinua kwa kisu kama kila asubuhi, akaingia chumba cha mbele, akafika kwenye pazia. Akasimama.

"Mama, uko wapi hapo ndani?"

"Niko chini. Usipite. Ita Bosibori."

Akatoka mbio akaita. Watoto wa Bosibori wakasema mama ameteremka kisimani kufua. Kisima kiko mbali. Akarudi kwenye pazia. Nyamusi aliona vidole vya miguu yake chini ya kitambaa, vimejaa vumbi la sokoni.

"Naingia," akasema.

"Mosoti, sina nguo vizuri."

"Sitaona."

Akasikia anavua shati. Alilifunga usoni, mikono ya shati akaikaza nyuma ya kichwa mara mbili. Kisha pazia likasogea na mtoto wake akaingia amenyoosha mikono mbele, kama watoto wakicheza. Nyamusi alisema hapo hakujua kama ni kucheka ama kulia. Miaka kumi na minane hakuwa amemwona Mosoti ndani ya chumba hicho. Akagonga paji la uso kwenye mti wa paa.

"Inama," akamwambia. "Kuna sufuria kushoto. Sasa kitanda."

Lakini Mosoti hakufuata sauti. Alipapasa ukuta, akapata tundu lake, akapata kamba. Akaifuata. Aliifuata kwa mikono miwili kutoka juu kushuka, mpaka akapiga magoti, mpaka akafika kwenye kitambaa, kwenye kitanzi, kwenye mkono. Akaushika kama anavyoshika mguu wa mbuzi aliyeumia, kidole kwa kidole, akitafuta. Yeye anajua mifupa.

"Ni lini?" akauliza.

"Ni huu ugonjwa. Umezidi tangu jana."

"Mama. Ugonjwa haufungi fundo."

Nyamusi akakitazama kitanzi.

"Kwa nini hukusema wacha?"

"Nilikuwa na blanketi mdomoni."

Mosoti alikaa hapo chini, shati usoni, mkono wa mama yake mikononi. Shati lilinuka mbuzi. Kisha akafungua kitanzi, akapitisha mikono chini yake, akamwinua akamweka kitandani, akavuta blanketi kwa kupapasa.

"Umefunikwa?"

"Nimefunikwa."

Akatoka kinyumenyume, hajafungua macho, na akiwa nje alikohoa muda mrefu, kama mtu aliyepaliwa.

Pale Migori hospitalini mkono ulifungwa plasta. Kano zilikuwa zimekatika, zile zinazokunja vidole, na zilikuwa zimedhoofishwa na ugonjwa tangu zamani. Daktari aliuliza ulivutwa na nini. Nyamusi akasema alijishikilia mlangoni akianguka. Mosoti alikuwa amesimama hapo hapo. Akatazama chini.

Aliyekuja kuharibu yaliyobaki ni Mogire, ndugu ya marehemu Ombati. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba kijana amepita pazia. Akaja akakaa chumba cha mbele, akanywa chai yote, ndipo akaanza.

"Wanasema ulifunga macho."

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Macho ulifunga. Na mikono?"

Nyamusi aliyasikia kutoka ndani. Alitaka kutoka amjibu lakini ilikuwa asubuhi, mwili haukuwepo. Mpaka alipofika kwenye pazia, Mogire alikuwa amekwenda na Mosoti amekwenda.

Na tangu siku hiyo Mosoti hakuja tena ukutani. Alikuja chumba cha mbele, akaweka kuni, akaweka sukari, akatoka kabla mama hajatoka. Akiongea naye anatazama mlango. Kamba aliivuta ikatoka, tundu akaliziba kwa tambara, na Bosibori ndiye aliyerudi kuingia asubuhi kumwinua mama. Sokoni, Gisiri alimwambia Bosibori, Mosoti alikuwa anawaomba watu wengine wamfungie mbuzi. Alikuwa anasema mikono yake inauma.

Terry alirudi katikati ya Mei, amenyoa kichwa, amekonda. Alifika akaenda moja kwa moja ndani ya pazia, akaona plasta, akakaa kitandani. Nyamusi akamwambia yote. Terry hakufanya mzaha wa disko. Alirudi kuwa anamwinua kila asubuhi, akampeleka Homa Bay akaanzishiwa tembe upya, uvimbe ukashuka. Plasta ilipotolewa vidole vinne vilikuwa vimenyooka, havisikii amri. Kidole gumba peke yake ndicho kiliitika.

"Basi ungetosheka," nilimwambia. "Terry amerudi, chumba ni chako, kitanda ni chako. Unatoka kwa miguu yako."

"Natoka kwenda kumkuta nani?" akaniuliza.

Ijumaa moja ya Juni alimwita Terry na Bosibori, akawaambia, "Toeni kitanda."

"Cha nani?" Terry akauliza.

"Changu. Kipelekeni mbele, kichwa kielekee dirishani."

Bosibori akatazama sakafu. Kila mtu alikuwa amesikia lile neno lake la kufunikwa uso. Nyamusi akamwambia Terry amfunge kwanza kile kitambaa cha kichwa cha rangi ya machungwa, cha kanisani, akivute nyuma vizuri uso wote uonekane. Akakaa kwenye kigoda akitazama wanawake wawili wakifungua kitanda cha Ombati, mguu kwa mguu. Mbao ndefu zilipofika kwenye pazia zilikwama. Mosoti alikuwa uani, ameshika shoka, hapasui kitu.

"Mosoti," mama yake akaita. "Hawa wameshindwa. Njoo ushike upande wa mbele."

Akaja. Alisimama upande wake wa pazia, akapokea mbao alizopewa, akazipanga, akagonga kitanda kikasimama. Chumba cha ndani kikabaki na alama nne za miguu ya kitanda kwenye udongo, na Nyamusi aliniambia alizitazama mara moja tu, akaliacha pazia lianguke. Hajarudi humo. Wanaweka mahindi sasa.

Usiku huo wa kwanza alilala mbele kama mgeni nyumbani kwake. Kila anayefungua mlango anamwona amelala. Alisema hilo halizoeleki, hataki kunidanganya.

Kesho yake ilikuwa Sabato. Walienda kanisani, wakarudi; Terry akabaki huko na kwaya. Mvua ikaanza mchana, ile nzito ya kupiga mabati. Nyamusi alikuwa amelala kitandani kwake pale mbele mlango uliposukumwa, Mosoti akaingia na beseni la maji ya vuguvugu. Alilishika vibaya, maji yakamwagika. Akavuta kigoda, akaweka beseni juu ya magoti yake kando ya kitanda, akangoja.

Nyamusi akatoa mkono wa kulia blanketini akautia majini mwenyewe.

Muda mrefu Mosoti hakuugusa. Kisha akaingiza mikono yake.

"Hiki?" akauliza, akikunja kidole.

"Kidogo."

"Hiki?"

"Hicho hakisikii."

"Na hiki?"

"Hicho pia, baba. Lakini endelea."

Akaendelea. Alikikunja kimoja, akakikunjua, akaenda kwa kingine, kama Terry alivyokuwa amemwonyesha. Mvua ilikuwa na kelele, hawangeweza kuongea hata wangetaka. Mosoti alikuwa ametembea na mbuzi siku tatu mfululizo wiki hiyo. Baada ya muda mikono yake ikapunguza mwendo. Kichwa kikainama, kikaegemea mti wa kitanda, akalala hapo hapo kwenye kigoda, beseni magotini, mkono wa mama yake majini ndani ya mikono yake.

Maji yakaanza kupoa. Nyamusi alijua maji baridi ni adui. Daktari alimwambia, na hata angekuwa hakuambiwa, kifundo kilimwambia, kikaanza kuuma taratibu, yale maumivu anayoyajua, yenye majina yake. Angeweza kusema neno moja tu. Alimtazama mtoto mdomo umefunguka kidogo, nywele za kando zimeanza kupata mvi ambazo hakuwahi kuziona kutoka upande ule mwingine wa ukuta. Akauacha mkono pale. Mvua ikapungua, ikabaki kudondoka kwenye pipa, na bila kujua ni saa ngapi, yeye naye akalala.